Ngoma ya Bibi na Barua ya Roma

Harufu ya ngozi ya mbuzi inapokangwa motoni haifanani na kitu kingine duniani. Si ya nyama choma, wala si ya kiatu kilichoangukia jiko, ingawa ina undugu na vyote viwili. Jumamosi iliyopita vijana walikuwa wakitayarisha ngoma zao nyuma ya duka langu hapa Mtwara mjini. Wamewasha makuti, wamezielekeza ngoma motoni kama wazee wanaoota moto wa asubuhi, ingawa baridi yenyewe Mtwara tunaijua kwenye soda tu. Harufu ikapita dirishani, ikanikuta natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtu, na badala ya kopi mbili nikatoa kumi na saba.

Nikiwa bado nazikusanya, simu ikalia. Kwenye kundi la jumuiya yetu mtu alikuwa ametuma ujumbe unaoanza na maneno matatu ambayo nikiyaona nywele hunisimama: Baba Mtakatifu amesema. Chini yake kulikuwa na agizo kuhusu urefu wa mikono ya sare za kwaya, jambo ambalo kwa ufahamu wangu halijafika Roma, na likifika litakaa mapokezi mpaka lioze. Nikaandika kama ninavyoandika siku zote: "Karatasi iko wapi?" Wenzangu wamenichoka. Wananiita Mama Tomaso, kwa ajili ya yule mtume aliyetaka kutia kidole kwenye kovu ndipo aamini. Hawajui ugonjwa huu niliuokota wapi. Ninyi nitawaambia, maana harufu ile na maneno yale matatu, kwangu mimi, vimelala kitanda kimoja.

Nililelewa Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, na bibi yangu mzaa mama, Bibi Rosalina. Mama alikuwa mjini, akipika na kufua kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Bibi alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, akavuka mto wakati wa vita akiwa na vitu vitatu: mama yangu mgongoni, rozari shingoni na ngoma kichwani. Safari ile aliisimulia kila msimu wa korosho, na kila msimu mto uliongezeka upana na viboko waliongezeka idadi. Mpaka namaliza darasa la saba, viboko walikuwa wamefika mia tatu, na mmoja wao alimwamkia.

Ngoma yenyewe ilinifika kiunoni, nyeusi kwa moshi wa miaka, na chini ilikuwa na ncha ya kuchomeka mchangani. Ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya mama wa mama yake. Bibi alikuwa kungwi. Msichana akivunja ungo, yeye ndiye aliyemfunda, na unyago haukufunguliwa wala kufungwa bila ngoma ile. Siku zisizo za unyago ilisimama pembeni ya kitanda, na juu yake ukutani zilitundikwa picha mbili, ya Rais na ya Baba Mtakatifu. Bibi hakuona ugomvi wowote hapo. Rais alikuwa wa barabara na dawa, Baba Mtakatifu wa roho, ngoma ya wanawake. Kila mmoja na idara yake.

Mwaka ninaousimulia, Baba Mtakatifu wa zamani alikuwa amefariki na mpya amechaguliwa, lakini picha ya mpya haikuwa imefika Kitaya. Watu walimshauri Bibi aitoe ile ya zamani. Akakataa. "Huyu namjua," alisema. "Huyo mwingine hajanipigia hodi."

Kanisa letu lilikuwa kigango, kwa maana ya kanisa dogo lisilo na padri wake. Kuta za udongo, bati juu, na kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho, ikigongwa kwa nondo mpaka samaki wa Ruvuma wakatubu. Padri alikuja kutoka parokiani kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, mvua ikitaka. Jumapili nyingine zote tulikuwa chini ya katekista wetu, Mwalimu Damasi.

Mwalimu Damasi alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha mwisho, na koromeo lililopanda na kushuka kama ndoo kisimani. Alikuwa na sauti. Alipoanza sala ya imani hapo Kitaya, ng'ambo walimalizia Amina. Na baada ya matangazo, Jumapili ambayo kulikuwa na karatasi kutoka parokiani, alikuwa na desturi yake. Aliitoa mfukoni taratibu, akaikunjua, akaunyoosha mkono wake wote mbele kama mtu anayemkabidhi mwenzake nyoka, akakaza macho, akakohoa, ndipo akasema yale maneno matatu.

Baba Mtakatifu alikuwa anaijua Kitaya kupita kiasi. Alikataza wasichana kusuka nywele na shanga. Alikataza vijana kucheza mpira saa ya rozari. Aliwaonya waliokuwa wakiokota mabibo ya shamba la kigango kwenda kupikia pombe, na akawataja kwa upande wa kijiji wanakokaa. Uchaguzi wa kitongoji ulipokaribia, alituomba tumchague mtu mpole, mcha Mungu, mwenye baiskeli. Wagombea walikuwa wawili, na mwenye baiskeli alikuwa mmoja tu, shemeji yake Mwalimu Damasi. Akashinda kwa kura za kutosha kuendesha nchi nzima.

Siku ile ya kura ndiyo Bibi alipoanza kunusa. Tulikuwa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, barazani na jirani yetu Bi Somoe, Mwislamu wa asili ya Kimakua, rafiki na mtani wa Bibi tangu enzi za viboko kumi.

"Rosalina," Bi Somoe alisema, "huyo baba yenu wa Roma mambo ya baiskeli ameyajuaje?"

"Na mimi ndicho ninachojiuliza."

"Labda ameagiza aje nayo huku."

Bibi hakucheka. Alikata kipande cha mng'oko, akakitazama. "Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. "Walisema hivyo kwa sababu hawakumwona Damasi. Fimbo iko Roma, lakini mpini umefika Kitaya."

Mwaka huohuo wasichana wawili wa darasa la sita walitoka unyagoni wasirudi shuleni. Mmoja aliolewa ng'ambo, mwingine akapata mimba. Huyo aliyeolewa, lazima niseme ukweli, alikuwa amefundwa na Bibi yangu. Mwalimu mkuu alilalamika, Padri akalalamika, na kijiji kizima kikawa kinalitazama jambo lile kama chungu kilichopasuka, kila mtu anaona ufa na hakuna anayetaka kukigusa.

Ndipo Jumapili moja Mwalimu Damasi akanyoosha mkono wake wa nyoka. Mimi nilikuwa benchi la mbele na wenzangu wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, kumi na mmoja kwa jumla, tukisubiri Padri aje wiki tatu baadaye atukomunishe. Gauni langu jeupe lilikuwa tayari. Mama alilituma kutoka mjini, lina mikono ya puto na utepe mgongoni, na kila jioni nililifungulia sanduku nikalisalimia.

"Baba Mtakatifu amesema," Mwalimu alisoma, "ngoma za unyago ni za gizani. Makungwi wote waliobatizwa wazilete kanisani kabla ya siku ya komunyo. Zitachomwa. Atakayebaki na ngoma nyumbani, yeye hatakomunika, wala mtoto wa nyumba ile hatakomunika."

Kanisani kulikuwa na makungwi waliobatizwa wangapi? Mmoja. Vichwa vyote viligeuka kama mashuke ya mtama upepo unapobadilika. Bibi alikuwa ameketi upande wa wanawake na rozari yake, ametulia kama hakusikia. Mimi nililia pale pale, na nadhani machozi yangu siku ile yalipandisha kina cha Ruvuma kwa kidole kimoja.

Nyumbani Bibi alisonga ugali mpaka ukaiva. Halafu akanitazama, akatazama ngoma, akatazama sanduku la gauni. Ni hapo nilipoelewa kwamba sisi wawili, mimi na ngoma, tulikuwa tumewekwa kwenye mizani moja, na Bibi ndiye aliyeshikilia kamba.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa ajili ya marehemu babu, "huyu Baba mpya ameingia juzi. Hata viatu hajavua. Ngoma yangu ameisikia saa ngapi?"

Bi Somoe alikuja na suluhisho lake. Ngoma ihamie kwake, ilale uvunguni mwa kitanda chake mpaka watu wasahau. "Kwangu amri ya Roma haivuki uzio," alisema. "Akija Damasi nitamwambia hii yangu, naitunzia mahindi."

"Nitakula komunyo na uongo mdomoni?"

"Basi ipeleke ichomwe."

"Siichomi kwa maneno. Nataka kuiona karatasi."

Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alikuwa na mjukuu wa darasa la nne ambaye kwa kusoma aliwashinda wanafunzi wote wa shule ile na, kwa maoni yangu mwenyewe, walimu wawili.

Jumuiya ilikutana nyumbani kwetu Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mikorosho. Walikuja akina mama kama ishirini na wanaume watano, wakaketi kwenye mikeka. Tulisali, tukaimba, Bibi akagawa uji wa muhogo. Kisha akapiga magoti mbele ya Mwalimu Damasi, kwa heshima zote, na akamwambia kwamba yeye ni mwanamke mzee, masikio yake yamejaa maji ya mtoni, na agizo la Jumapili lilimpita nusu. Anaomba barua ya Baba Mtakatifu isomwe tena hapa, mbele ya ngoma yenyewe. Ngoma ilikuwa imesimama pale pale uani, imechomekwa mchangani kama mshitakiwa.

Mwalimu Damasi akaitoa karatasi. Akanyoosha mkono. Akakaza macho. Koromeo likapanda, likashuka, likapanda likabaki huko. Chini ya mkorosho wetu mwanga ulikuwa hafifu kidogo kuliko kanisani. Akairudisha karatasi karibu, akaipeleka mbali, akaigeuzia upande wa jua.

"Mwalimu," Bibi alisema kwa upole, "mpe mtoto akusaidie. Wewe umechoka na mafundisho."

Nilidhani atakataa. Badala yake alinipa karatasi upesi sana, kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto akampata wa kumpokeza. Sikulielewa tendo lile. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na shughuli nyingine.

Nilisimama. Karatasi ilikuwa moja, imepigwa chapa, maandishi madogo kama chawa wa kuku, na juu kulikuwa na muhuri wa parokia. Macho yangu yaliitangulia sauti, yakashuka mbio kutafuta neno ngoma. Halikuwepo. Nikatafuta unyago. Haukuwepo. Ilikuwa barua ndefu kuhusu familia na sala na kuwaombea wanaochunga kondoo wa Kristo, na Baba Mtakatifu mwenyewe alitajwa mara moja, karibu na mwisho, kwamba anatusalimu. Kitaya, ndugu zangu, alikuwa haijui hata kwa jina.

Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Watu wakasubiri. Bibi ananitazama, Mwalimu Damasi anatazama vidole vyake vya miguu. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini niliona wazi, kwa akili ya mtoto, kwamba ukimya hautatosha. Mwalimu angesema agizo lipo kwenye barua nyingine, na barua nyingine ingekuwa mfukoni mwake daima. Fimbo ile haikuweza kuzuiliwa ila kwa fimbo hiyohiyo. Basi macho nikayaacha kwenye karatasi, na mdomo nikauacha uende.

"Tena Baba Mtakatifu amesema," nikasoma mahali ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya muhuri, "ngoma za wazee zikae na waliozirithi, zisichomwe. Asiyeirithi asiiguse."

Akina mama wakapumua. Nikaona utamu wake. Ule utamu sijausahau mpaka leo, na ndio unaoniogopesha. Watu wazima ishirini na tano walikuwa wameinamisha vichwa kwa sentensi yangu. Nikaongeza nyingine, na hii, niwaambie ukweli, niliiongeza kwa ajili ya ngozi yangu mwenyewe, maana nilikuwa nimewaona wale dada wawili na nilikuwa nahesabu miaka yangu.

"Lakini mwali yeyote asichezwe unyago kabla hajamaliza darasa la saba. Kungwi atakayemfunda kabla ya hapo, ngoma yake itanyamaza."

Nilitaka kuongeza na suala la viatu vyangu vya komunyo, lakini Mungu akanizuia.

Kisha Mwalimu Damasi akanyanyua uso. Alinitazama kwa muda mrefu, siyo kwa hasira, akasema polepole: "Ndivyo ilivyoandikwa." Akapokea karatasi, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Jioni ile Bibi alinipa mkia wa samaki, sehemu ambayo kwetu alipewa mgeni. Alinitazama nikila. "Huyu Baba mpya," alisema, "anaongea kama mtu wa Kitaya." Kisha akaenda kuirudisha ngoma ndani.

Furaha yangu ilidumu mpaka Jumamosi, ambapo Mwalimu Damasi alitufundisha juu ya dhambi. Alizipanga kuanzia ndogo, kama kuiba muwa, mpaka zile zinazokupeleka motoni kwa miguu yako mwenyewe. Nikawa naitafuta yangu kwenye ngazi ile nisiione. Kumwongezea Baba Mtakatifu maneno ilikuwa juu ya ngazi, huko kwenye bati. Kwa wiki mbili sikulala vizuri hata usiku mmoja. Nilikonda mpaka gauni likanipwaya, na Bi Somoe akawa ananiuliza kama komunyo yetu inaanza kwa kufa njaa.

Padri akaja. Tuliungama kabla ya misa, mmoja mmoja. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kanisa, amejifunika sikio kwa kiganja, sisi tunapiga magoti pembeni. Alikuwa padri kijana, amechoka na vumbi la njia, na nadhani alikuwa ameshasikia miwa kumi iliyoibwa na watoto kumi.

"Nibariki Padri kwani nimekosa," nikasema, nikamwaga yote. Ngoma, karatasi, muhuri, darasa la saba.

Kiganja kilishuka kutoka sikioni. "Umesema umemwongezea nani?"

"Baba Mtakatifu."

"Maneno mangapi?"

Nikamsomea. Padri akainama, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikajua analia kwa ajili ya roho yangu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba watu wanaolia hawatoi sauti ile. Alipojikusanya aliniuliza kama najuta. Nikasema la kwanza najuta nusu, la pili sijui. Akaniambia nijute lote, hata kwa kujilazimisha, kisha nisali Baba Yetu tano, na nisiazime tena mdomo wa mtu asiyekuwepo.

Na kumbe alikuwa amenaswa. Kwa maana baada ya misa, mimi nikiwa tayari nimekomunika, nimevaa puto zangu, Mwalimu Damasi alisimama kutoa taarifa ya kigango mbele yake. Akasema kwa sauti ile ya kuvuka mto: "Padri, kama Baba Mtakatifu alivyoagiza kwenye barua, ngoma ya Mama Rosalina inabaki kwake, na wasichana hawatachezwa unyago mpaka wamalize darasa la saba. Sisi Kitaya tumepokea." Waumini wakapiga makofi.

Padri alifungua mdomo. Kisha akaniona. Alilolijua alilijua kutoka kwenye kitubio, na kanisa lote kuanzia Roma mpaka Kitaya lina sheria moja juu ya hilo: la kwenye kitubio padri hufa nalo. Hakuweza kusema barua haisemi hivyo, maana watu wangeuliza ni nani aliyeongeza. Hakuweza hata kumwomba Mwalimu amwonyeshe barua. Alitazama bati, akatazama sakafu, akakohoa kikohozi cha mtu aliyemeza mwiba wa samaki. "Tuendelee," akasema.

Tukaendelea. Ndugu zangu, Kitaya iliendelea na sentensi ile miaka kumi na zaidi. Bibi hakumfunda msichana hata mmoja kabla hajamaliza shule. Wazazi walipomletea mtoto wa darasa la tano, alionyesha ukutani. "Kamwombeni yule," alisema. Picha ya Baba mpya ilikuwa imefika, na Bibi aliitundika mwenyewe, akiisogeza sogeza mpaka ikatazama ngoma. Vijiji jirani wakasikia, nao wakafuata. Nilipomaliza darasa la saba nikachezwa, na ngoma ile ikalia kwa ajili yangu. Baadaye mimba na umaskini vilinipitisha kwenye njia ndefu, nikamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili na usingizi wa askari wa lindo, lakini nilikuwa na darasa la saba la kuanzia.

Mngedhani nitajivunia. Nilijivunia kidogo, sikatai. Lakini kila nilipomwona mtu akiinama kwa maneno yale matatu, nilikumbuka jinsi wale ishirini na tano walivyoinama kwa mtoto wa miaka kumi mwenye hofu na gauni jipya. Mzee mmoja yuko ng'ambo ya bahari, amevaa nyeupe, pengine anasali tu na kunywa supu yake, na huku duniani kila kijiji kina mtu anayemtengenezea ulimi. Mwingine humtia baiskeli mdomoni, mwingine humtia ngoma. Nani anaweza kuwatenganisha?

Bibi alifariki, ngoma nikairithi mimi. Nikafungua duka hili la kuchapa na kutoa kopi. Siku moja bajaji ikasimama nje, akashuka mzee mrefu, mkavu, kifungo cha mwisho kimefungwa. Nilimfahamu kwa koromeo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia hapa mnatoa kopi." Alitoa karatasi mfukoni, taratibu vilevile, lakini hakuinyoosha mbali. Aliishikilia tu, akipapasa meza kwa mkono mwingine mpaka akaipata kingo. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe kama maziwa. "Ni barua ya parokia. Kabla hujaitoa kopi nisomee," alisema. "Na safari hii usiongeze."

"Mwalimu ulijua?"

"Fundi humjua fundi mwenzake," akasema, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Macho yangu yaliniacha miaka miwili kabla ya siku ile. Miwani nilikuwa nayo ya kuazima, ikavunjika. Ningewaambia sioni, wangemweka katekista mwingine. Nikawa nakumbuka barua za zamani, na pale kumbukumbu ilipokwisha nilisema kile nilichodhani Baba Mtakatifu angetaka. Shemeji yangu alikuwa mtu mpole kweli."

"Na ngoma?"

"Wale watoto wawili walioacha shule niliwafundisha ubatizo mimi. Sikujua la kufanya, nikaona ngoma. Wewe ulipolisema lile la darasa la saba, nikasema moyoni, loo, kumbe ndilo nililokuwa nalitafuta."

"Basi kwa nini hukusema mbele ya watu kwamba haikuandikwa?"

"Ningesema haikuandikwa, wangeniuliza imeandikwa nini."

Maisha yangu yote nilikuwa nimemchora mzee huyu kama mwizi wa fimbo, na kumbe alikuwa kipofu aliyeishikilia ili asianguke. Nilimhurumia. Lakini niseme ukweli wote: hata nikimhurumia, nilikuwa bado najiuliza kama hadithi ya macho nayo hakuiongezea kidogo.

Nikaichukua barua nikamsomea. Ilikuwa inahusu ratiba ya semina, magodoro waje nayo wenyewe, na mwishoni Baba Mtakatifu anatusalimu. Nilifika kwenye muhuri nikasimama.

Mwalimu Damasi alisubiri, ameinamisha sikio. Mimi nikasubiri pia, sijui nini. Nje bajaji ilikuwa inanguruma.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo tu, Mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi usiotiwa chumvi. "Haya," akasema. "Toa kopi."